Zawadi kwa Shabiki wa K-pop: Namna ya Kuchagua Itakayomfika Moyoni

Kila ikikaribia Desemba, na kila msimu wa mahafali, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dada, binti yangu anawapenda wale Wakorea, nimnunulie nini?" "Mdogo wangu anatimiza miaka 16, nina elfu hamsini, itatosha?" "Nimemletea mchumba fulana, kumbe siyo kikundi chake, sasa nifanyeje?" Mimi na wenzangu hapa Dar es Salaam tumekuwa tukiagiza albamu kwa pamoja kwa miaka kadhaa, na maswali hayo nimeyajibu mara nyingi hadi nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja.

Shabiki wa K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, ana watu wake. Anawajua kwa majina, kwa tarehe za kuzaliwa, kwa mwaka walioanza, hata kwa chakula wasichokula. Zawadi itakayomgusa ni ile inayoonyesha kwamba na wewe umewatambua watu hao. Nimeona mtoto akilia kwa furaha kwa kadi ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na nimeona mwingine akishukuru kwa adabu tu baada ya kupewa kitu cha laki mbili. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla hujatoa hata shilingi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Jina la kikundi anachokipenda, na jina la msanii wake wa moyoni ndani ya kikundi hicho. Mashabiki humwita bayasi.
- Orodha ya vitu alivyo navyo tayari.
- Bajeti iliyokwisha kuhesabu usafiri na ushuru.
- Muda: miezi miwili ukiagiza kutoka Korea, wiki moja ukitengeneza mwenyewe.
- Rafiki yake mmoja anayeweza kutunza siri.
- Kalamu nyeusi au ya buluu. Nyekundu iache, sababu iko hatua ya 6.

Hatua ya 1: Mtambue mtu wake bila kumuuliza

Anza na simu yake. Igeuze. Mashabiki wengi hutumia kava inayopenya mwanga, na nyuma yake, kati ya kava na simu, wameweka fotokadi: kadi ndogo yenye picha ya msanii, ukubwa wake karibu sawa na kitambulisho. Aliyewekwa pale si wa bahati mbaya. Kisha tazama picha ya skrini, jalada la daftari, na status anazoweka. Kama kila mwaka tarehe 13 Oktoba anaweka keki na picha za kijana yuleyule, huyo ni Jimin wa BTS, na umeshapata jibu.

Sikiliza pia anavyojiita, maana kila kikundi kimewapa mashabiki wake jina. Akijiita ARMY, watu wake ni BTS. BLINK ni wa BLACKPINK, CARAT ni wa SEVENTEEN, STAY ni wa Stray Kids, ONCE ni wa TWICE, ATINY ni wa ATEEZ, ENGENE ni wa ENHYPEN, MOA ni wa TOMORROW X TOGETHER, EXO-L ni wa EXO, MY ni wa aespa. Mtu anaweza kuwa na majina mawili au matatu, ila mara nyingi kuna moja analolitamka kwa sauti tofauti kidogo. Hilo ndilo.

Usibahatishe kwa sura. Ukishindwa kumtambua aliye kwenye picha, ipige picha kwa siri umtumie yule rafiki yake. Kuna wasiochagua mmoja, wanaopenda kikundi kizima. Kwao zawadi yenye msanii mmoja tu huleta unyonge, bora kitu cha kikundi chote.

Na kuna vikundi vilivyofiwa. SHINee walimpoteza Jonghyun Desemba 2017, na mashabiki wao, Shawol, bado wanambeba moyoni. Ukiona picha yake kwa mtu, muulize rafiki yake kwanza kama zawadi yenye sura ile itamfariji au itamtonesha.

Hatua ya 2: Jua alicho nacho

Hapa ndipo rafiki wa siri anapofanya kazi. Mwambie apige picha rafu ya albamu au amwulize kijanjajanja. Unahitaji jina la albamu *na toleo lake*. Albamu moja ya K-pop hutoka kwa matoleo mawili, matatu, hata zaidi, yenye nyimbo zilezile lakini picha, rangi na kadi tofauti. Kwa macho yako ni kitu kimoja; kwake ni vitu vitatu. Ukimletea toleo ambalo hana, hata kama albamu anayo, atafurahi sana. Ukimletea alilonalo, atalazimika kulibadilisha.

Hatua ya 3: Panga fedha na tarehe

Albamu mpya kwa kawaida huuzwa dola 15 hadi 25 kabla ya usafiri. Lakini ndani yake kuna kitabu cha picha, na uzito wake hufika nusu kilo au zaidi, hivyo usafiri wa kitu kimoja kutoka Seoul unaweza kukaribia bei ya albamu yenyewe. Juu yake ongeza ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Ndiyo maana sisi huagiza kwa pamoja: watu kumi, sanduku moja, usafiri tunagawana. Muulize shabiki yeyote mkubwa mjini kwako, atakuelekeza kwa anayekusanya oda.

Kwa yule wa elfu hamsini: haitoshi albamu mpya pamoja na usafiri wake. Inatosha vizuri kabisa zawadi tatu kati ya nilizozitaja chini.

Hatua ya 4: Chagua aina ya zawadi

*Albamu.* Hii haikosei mara nyingi. Ndani kuna CD, kitabu cha picha na fotokadi moja au zaidi zilizowekwa bila mpangilio, hujui utakayopata. Mtindo huo ulishika kasi tangu 2010, Girls' Generation walipoweka kadi ndani ya albamu yao "Oh!". Kwa kikundi cha watu saba, kama kadi ni moja, nafasi ya kumpata bayasi ni moja kwa saba. Kwa SEVENTEEN ni moja kwa kumi na tatu. Usihangaike kwamba nyumbani hamna mashine ya kuchezea CD. Wengi wetu hatuna. Siku hizi kuna pia albamu ndogo zisizo na CD, unafungua nyimbo kwa simu. Ni nyepesi na usafiri wake ni nafuu, ila hakikisha mwenyewe anazipenda, maana wapo wanaotaka kitabu cha picha.

Onyo kubwa: usiifungue. Mwaka mmoja nilimnunulia mpwa wangu albamu, nikachana nailoni ili nihakikishe kila kitu kimo, kisha nikaifunga upya vizuri kwa karatasi ya zawadi. Alipoipokea aligusa ukingo wake kwa kidole, akatafuta ile nailoni, akanyamaza. Baadaye aliniambia polepole, "Shangazi, nilitaka kuiona kadi mimi wa kwanza." Nusu ya zawadi iko kwenye kule kufungua. Niliichukua nusu ile mwenyewe, na siwezi kumrudishia.

*Laitistiki.* Ni taa ya mkononi ya kupunga kwenye tamasha, na kila kikundi kina yake: ya BTS inaitwa ARMY Bomb, ya TWICE Candy Bong, ya BLACKPINK ina umbo la nyundo. Bei yake ni kubwa kuliko ya albamu, kwa kawaida dola 35 hadi 60. Wengi huniuliza ina faida gani wakati matamasha yenyewe yako mbali. Faida yake ni hii: usiku wa tamasha la mtandaoni, taa imezimwa sebuleni, yeye anayo mkononi, inawaka rangi moja na za wenzake duniani. Kwa shabiki wa muda mrefu hii ndiyo zawadi ya mwaka. Kwa aliyeanza mwezi uliopita, subiri kwanza. Angalia pia toleo, kwa kuwa hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na programu za simu zinazounganishwa na taa hupendelea mapya. Betri haziji nayo mara nyingi, kwa hiyo nunua kabisa. Nyingi hutumia zile nyembamba za AAA.

*Vitu vya kutunzia kadi.* Hapa elfu hamsini inang'aa. Fotokadi ya kawaida ni milimita 55 kwa 85. Nunua faili lenye kurasa za mifuko tisatisa, vifuko laini vya plastiki vya ukubwa huo, na kava ngumu chache kwa kadi anazozipenda zaidi. Hakikisha plastiki haijatengenezwa kwa PVC, kwa sababu hiyo huharibu wino baada ya muda. Na kwa sisi wa pwani ongeza jambo moja ambalo maelezo ya wenzetu wa Seoul hayataji: vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Joto na unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja hukunja kadi na kuzigandisha kwenye plastiki. Vipakiti viwili ndani ya faili vinaokoa mkusanyiko mzima.

*Kitu cha fundi cherehani.* Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haipatikani kwenye duka lolote la Seoul. Chukua kitenge chenye rangi ya kikundi, mpelekee fundi, ashone mfuko wa laitistiki wenye kitambaa laini ndani na kamba ya kukaza juu. Pima taa yenyewe kwanza, kichwa chake hasa, kwa sababu ndicho kipana. BTS ni zambarau. BLACKPINK jina linajieleza: nyeusi na waridi. SEVENTEEN ni waridi lililofifia pamoja na buluu ya mbingu. Super Junior ni buluu ya yakuti. Kwa binti aliyekua, kanga ya zambarau yenye jina lililochaguliwa kwa makini inasema mengi kwa pamoja. ARMY wana neno lao, *borahae*, ambalo V wa BTS alilibuni Novemba 2016 kwa kuunganisha *bora*, yaani zambarau kwa Kikorea, na *saranghae*, nakupenda. Mtu anayezungumza Kiswahili akilisikia "bora" ndani ya neno hilo hutabasamu mwenyewe. Liandike kwenye kikaratasi ukibandike kwenye kanga.

*Chakula.* Tambi za ramyeon, gim (mwani mkavu wa kulia wali), au Pepero, vijiti vya biskuti vilivyopakwa chokoleti, ambavyo Wakorea hupeana tarehe 11 Novemba. Kama mpokeaji ni Mwislamu, soma pakiti kabla ya kulipa: supu nyingi za unga zina nguruwe au nyama isiyochinjwa kwa utaratibu, na peremende laini huwa na jelatini. Tafuta alama ya halali. Baadhi ya tambi za Kikorea za kusafirishwa nje zinayo. Ikiwa ni siku ya kuzaliwa, pakiti ya miyeok, mwani mkavu wa kupikia supu, ni wazo zuri sana, kwa kuwa supu yake huliwa Korea siku hiyo. Huo si mwani wa Paje au Jambiani, usije ukajaribu kubadilisha! Na mwelekeze aloweke kidogo tu. Hufura mno ndani ya maji.

*Sadaka kwa jina la msanii.* Huko Korea mashabiki hupeleka magunia ya mchele badala ya mashada ya maua kwenye tamasha, kisha mchele huo hugawiwa wenye uhitaji. Juni 2020, BTS na kampuni yao walipotoa dola milioni 1 kwa Black Lives Matter, harakati ya Marekani ya kutetea watu weusi, ARMY walichanga kiasi hichohicho. Kwa hiyo shabiki anauelewa moyo huu. Nunua kilo 25 za mchele, mwende pamoja kwenye kituo cha watoto mnachokifahamu, utoe kwa jina lake na la bayasi wake. Piga picha ya gunia na kadi juu yake, si picha ya watoto.

Hatua ya 5: Hakikisha ni halisi

Madukani kuna maboksi ya kadi 50 na zaidi kwa bei ndogo sana. Hizo si rasmi. Mtoto mdogo anayebandika ukutani atazifurahia, hakuna ubaya, ila usimwambie kuwa ni fotokadi za albamu. Mkusanyaji ataijua tofauti kwa kuishika tu.

Kwa albamu na laitistiki, nunua duka la kampuni yenyewe, mfano Weverse Shop kwa BTS na wengine wengi, au kwa muuzaji ambaye mashabiki unaowajua wameshapokea mzigo wake. Dalili za bandia: bei chini ya nusu ya duka rasmi, picha za bidhaa zilizonakiliwa, maandishi ya Kikorea yaliyofifia kingoni, na muuzaji anayekataa kukupigia picha boksi alilonalo mkononi.

Hatua ya 6: Andika kadi, na jina lake kwa Kikorea

Usiiruke hatua hii hata kama umenunua laitistiki. Alfabeti ya Kikorea, Hangeul, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ina herufi 24 za msingi, nazo hupangwa kwa silabi. Majina yetu nayo yanakwenda kwa silabi zilizo wazi, kwa hiyo yanakaa ndani yake vizuri ajabu. Chukua Amina: a-mi-na.

- 아: duara ㅇ halina sauti hapa, ㅏ ni "a".
- 미: ㅁ ni "m", ㅣ ni "i".
- 나: ㄴ ni "n", ㅏ ni "a".

Ukiunganisha unapata 아미나. Asha ni 아샤, Juma ni 주마, Neema ni 네에마. Kikorea hakina "f", hutumia ㅍ ya "p", hivyo Fatuma huwa 파투마. Fanya mazoezi kwenye karatasi ya pembeni mara kumi kwanza. Chini yake andika 생일 축하해 (saengil chukhahae), heri ya kuzaliwa, kwa rika lako au mdogo wako. Kwa aliyekuzidi umri ongeza 요 mwishoni.

Kalamu nyekundu usiitumie kwa jina. Korea, kuandika jina la mtu aliye hai kwa wino mwekundu kunahusishwa na kifo, na shabiki wako huenda analijua hilo.

Kisha andika kwa Kiswahili sentensi moja ya kweli: ulimwona lini akifurahia watu wake. "Nakumbuka ulivyoruka pale jikoni tiketi ya tamasha la mtandaoni ilipopatikana." Basi.

Hatua ya 7: Funga na ukabidhi

Albamu izungushie nailoni ya viputo, hasa pembe. Bango usilikunje, liviringishe ndani ya bomba la karatasi ngumu. Rangi ya karatasi ya zawadi iwe ya kikundi. Mkabidhi kwa mikono miwili, kama Wakorea wafanyavyo, kisha kaa. Usiondoke. Mwache afungue, akueleze nani ni nani, hata kama itachukua saa nzima.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kununua "kitu cha Kikorea" chochote. Fulana ya kikundi kingine ni kama jezi ya Yanga kwa mtu wa Simba.

Kuambatanisha utani: "hawa wote wanafanana." Unaweza kuutoa bila nia mbaya, lakini ataukumbuka muda mrefu kuliko zawadi.

Kuagiza wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Kununua kadi moja ghali ya bayasi bila kumuuliza mjuzi. Kadi adimu ndizo zinazoghushiwa zaidi.

Mambo yakienda mrama

*Mzigo umechelewa.* Fuatilia kwa namba yake kwenye tovuti ya posta, kisha uende posta mwenyewe na kitambulisho. Mara nyingi umeshafika na unasubiri kulipiwa ushuru.

*Albamu imefika na pembe imebonyea.* Piga picha boksi la nje kabla ya kulifungua, umtumie muuzaji siku hiyohiyo. Kubonyea kidogo kwa jalada ni jambo la kawaida baada ya safari ndefu. Mashabiki wengi husamehe ikiwa kadi ni nzima.

*Kadi iliyotoka si ya bayasi wake.* Hakuna hasara. Mashabiki hubadilishana kadi kila siku, naye atafurahia kuitafuta ya kwake. Mpe nauli ya kwenda kukutana na wenzake, mahali penye watu, na kama ni mdogo fuatana naye.

*Laitistiki haiwaki.* Angalia betri zimelala upande sahihi, na ngozi ya plastiki ya kiwandani imetolewa. Kama inawaka lakini haishiki simu, isogeze swichi kwenye hali ya bluetooth, kisha usasishe programu. Akimaliza kuitumia atoe betri, zisije zikavuja ndani kwa joto.

*Amebadilisha bayasi.* Hutokea, na si dharau kwako. Zawadi yenye msanii wa zamani bado ni ya kikundi chake. Aliyempenda miaka miwili hamtupi.

*Siku ni kesho na huna kitu.* Andika ile kadi ya Hangeul usiku huu. Asubuhi nenda dukani ukanunue faili na vifuko, upite kwa fundi ukachague naye kitenge cha mfuko, umlipe, na uweke risiti yake ndani ya bahasha pamoja na tarehe ya kwenda kuuchukua. Mwende pamoja siku hiyo, na taa yake mkononi ili fundi aijaribishe.